Mtetemo unaoonyesha njia: jinsi mwendesha baiskeli anavyoweza kuongozwa bila kutazama simu

Simu nyingi siku hizi zinajua njia. Unaandika jina la mahali unakokwenda, ramani inafunguka, na mstari unachorwa kutoka ulipo hadi mwisho wa safari. Anayetembea kwa miguu atasimama, ataangalia, kisha ataendelea. Aliye kwenye gari ataibana simu kwenye dashibodi na kuisikiliza ikimwambia akate wapi. Mwendesha baiskeli hana nafasi hiyo. Mikono yake miwili iko kwenye usukani, macho yanatafuta shimo lililo mbele, na masikio yanasikiliza lori linalokuja nyuma.

Akitoa simu mfukoni, anaendesha kwa mkono mmoja huku macho yakiwa chini. Akivaa hedifoni ili asikie maelekezo, anaweza asisikie honi. Na hatari hiyo si ndogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, ilipiga marufuku kushika simu mkononi unapoendesha baiskeli kuanzia tarehe 1 Julai 2019.

Kwa hiyo wabunifu katika nchi kadhaa wamekuwa wakitafuta njia nyingine: kuyaacha macho na masikio yafanye kazi ya barabara, na kuitumia ngozi kupokea maelekezo. Katika makala hii tunaeleza vifaa hivyo vinafanyaje kazi, vimejaribiwa wapi, na kwa nini kifaa kinachofaa kwenye lami ya Ulaya kinaweza kushindwa kwenye barabara ya changarawe.

Abiria wa kwenye keria

Wazo lenyewe si geni kwetu. Fikiria umempakia mtu kwenye keria, na yeye ndiye anayeijua njia. Upepo unavuma, mnyororo unalia, humsikii vizuri. Anafanya nini? Anakugonga bega. Akigonga la kushoto, unajua kata kushoto. Akigonga yote mawili kwa nguvu, unashika breki. Hakuna aliyekufundisha lugha hiyo, na hukuhitaji kugeuza shingo kumtazama.

Vifaa tunavyovizungumzia vinajaribu kuwa abiria huyo. Ndani yake mna mota ndogo kama ile inayoifanya simu yako itetemeke. Mota ya aina hiyo ina kipande cha chuma kilichofungwa upande mmoja wa mhimili wake. Ikizunguka, uzito ule usiolingana unaiyumbisha mota, nawe unahisi mtetemo. Mota hizo huwekwa kwenye vishikio vya usukani, kwenye siti, kwenye saa ya mkononi au kwenye mkanda wa kiunoni. Simu inajua ulipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti za GPS, inajua unakokwenda kwa kuwa umeiambia, kisha inaiamuru mota ya upande unaotakiwa itetemeke.

Hadi hapo ni rahisi. Ugumu unaanza tunapouliza ngozi inaweza kuelewa nini, na kwa wakati gani.

Ngozi inapokea nini

Unaweza kufanya jaribio hili nyumbani sasa hivi. Vua shati, mpe mwenzako kalamu mbili, akuguse mgongoni kwa ncha zote mbili kwa pamoja, zikiwa zimeachana sentimita 2. Huenda ukasema amekugusa kwa kalamu moja. Kisha akuguse vivyo hivyo kwenye ncha ya kidole, zikiwa zimeachana milimita 5 tu. Hapo utasema mbili bila kusita. Mwanasayansi wa Ujerumani, Ernst Heinrich Weber, aliandika kuhusu tofauti hii mwaka 1834. Ncha ya kidole inaweza kutenganisha nukta zilizoachana takriban milimita 2. Mgongoni, nukta zinahitaji kuachana takriban sentimita 4.

Maana yake kwa mbunifu ni kwamba hawezi kukuchorea ramani mgongoni. Mgongo hausomi vitu vidogo. Lakini kila mtu anatofautisha kushoto na kulia, na mbele na nyuma.

Jambo la pili ni kwamba ngozi ina vipokezi maalumu vya mtetemo. Vilivyo muhimu zaidi hapa vinaitwa kwa jina la Filippo Pacini, mtaalamu wa Italia aliyevieleza katika karne ya 19. Vimekaa chini kidogo ya ngozi, na vinahisi vizuri zaidi mtetemo wa takriban mara 250 kwa sekunde. Mtetemo wa polepole sana au wa haraka sana unahitaji nguvu zaidi ili uhisiwe.

Jambo la tatu, ngozi inazoea. Unapovaa shati asubuhi unalihisi. Baada ya dakika chache umelisahau, ingawa bado linakugusa. Mtetemo usiokoma nao hufifia hivyohivyo. Kifaa kinachotetemeka safari nzima kitakuwa kama shati: kipo, lakini hakikwambii kitu.

Majaribio ya miaka mingi

Utafiti huu haukuanza na baiskeli. Ulianza na watu wasioona. Mwaka 1969, Paul Bach-y-Rita na wenzake nchini Marekani walichapisha taarifa ya kiti kilichowashangaza wengi. Walichukua kiti cha zamani cha daktari wa meno na kuweka nukta 400 za kutetemeka kwenye sehemu ya mgongo. Kamera iliona kitu, na nukta zile zikauchora umbo lake mgongoni mwa aliyekaa. Baada ya mazoezi, watu wasioona waliweza kutambua baadhi ya vitu vilivyowekwa mbele ya kamera. Kiti hicho kilionyesha kuwa ubongo unaweza kupokea kwa ngozi habari ambazo kwa kawaida huletwa na macho. Lakini mazoezi yalihitajika, na hakuna anayeweza kuendesha baiskeli akiwa amebeba kiti.

Hatua iliyofaa zaidi safari ilitoka Uholanzi. Mwaka 2005, Jan van Erp na wenzake wa taasisi ya utafiti ya TNO walieleza mkanda wa kiunoni wenye mota 8 zilizouzunguka mwili. Kama unakokwenda kuko mbele, ilitetemeka mota ya tumboni. Kama kuko kulia, ilitetemeka ya ubavu wa kulia. Waliujaribu kwa watu 12 waliotembea kwa miguu, na waligundua mambo mawili yanayostahili kukumbukwa. La kwanza, kuonyesha mwelekeo kwa mahali pa mtetemo hakukuhitaji mafunzo yoyote. La pili, walipoongeza habari ya umbali kwa kubadilisha mdundo wa mtetemo, watu hawakufanya vizuri zaidi. Kusema mengi hakukusaidia.

Baada ya hapo waliupeleka mkanda huo ndani ya helikopta na kwenye boti iendayo kasi. Walifanya hivyo kwa kuwa vyombo hivyo navyo hutetemeka, na walitaka kujua kama mtetemo wa chombo ungeufunika mtetemo wa mkanda. Mkanda uliendelea kufaa. Tutarudi kwenye jambo hili tutakapofika kwenye barabara ya vumbi.

Mwaka huohuo wa 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Osnabrück nchini Ujerumani walieleza mkanda wao, uliokuwa rahisi zaidi. Huu ulionyesha kaskazini tu. Popote ulipogeuka, mota iliyoelekea kaskazini ndiyo iliyotetemeka. Waliojitolea waliuvaa kwa wiki 6 wakiwa katika shughuli zao za kila siku. Baadhi yao walieleza kuwa, kadiri siku zilivyopita, hawakuuhisi tena kama mtetemo. Waliuhisi kama kuujua upande walioelekea.

Kisha ikafika zamu ya baiskeli. Watafiti wa mji wa Oldenburg, Ujerumani, walitengeneza kifaa walichokiita Tacticycle, chenye mota kwenye usukani, upande wa kushoto na wa kulia. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2012, walishirikiana na duka la kukodisha baiskeli kwenye kisiwa kinachotembelewa na watalii wengi. Watalii walikikodi na kwenda nacho matembezini. Hakikuwaambia kata hapa, kata pale. Kiliwaonyesha tu upande ulioelekea mahali walipopachagua, na njia wakaichagua wenyewe. Watalii walisema walijua wakati wote wako wapi, na walijisikia huru kuchungulia vichochoro vya kisiwa hicho bila hofu ya kupotea.

Mwaka 2013, Haska Steltenpohl na Anders Bouwer wa Amsterdam walieleza mkanda wao kwa waendesha baiskeli, Vibrobelt. Ulionyesha pa kukata, umbali uliobaki hadi pa kukata, na kwamba umefika. Waendesha baiskeli walioujaribu walifika walikokuwa wakienda.

Na mwaka 2015 TNO ilionyesha baiskeli yenye rada mbele na kamera nyuma, iliyobuniwa kwa kuwafikiria zaidi wazee. Gari likikaribia kutoka nyuma, siti ilitetemeka. Kizuizi kikiwa mbele, usukani ulitetemeka. Hiyo haikuwa ya kuonyesha njia. Ilikuwa ya kuonya hatari, lakini ilifuata kanuni ileile ya mkanda wa 2005: mahali pa mtetemo ndipo penye maana.

Kushoto kuwe kushoto

Ukiyaweka majaribio haya pamoja, unapata somo la kwanza kwa yeyote anayetaka kubuni kifaa cha namna hii: maana iwe kwenye mahali, si kwenye mafumbo.

Mfano wa njia nyingine ni saa ya Apple iliyoingia sokoni mwaka 2015. Saa iko kwenye mkono mmoja tu, kwa hiyo haiwezi kukugusa upande wa pili. Watengenezaji waliamua kutumia midundo. Mapigo 12 mfululizo yalikuwa na maana ya kata kulia. Jozi 3 za mapigo mawili mawili zilikuwa na maana ya kata kushoto. Ukiwa umetulia unaweza kujifunza hilo. Ukiwa unapanda mlima na gunia la mahindi kwenye keria, huku unakwepa mbuzi, utaanza kuhesabu mapigo ukiwa umeshapita njia panda.

Simu yako ya mfukoni ina udhaifu huohuo. Inatetemeka yote kwa pamoja, mahali pamoja. Haiwezi kukugusa kushoto au kulia. Kwa kazi hiyo zinahitajika mota mbili zilizotenganishwa, moja kila upande wa mwili au wa usukani. Ndiyo maana watafiti hutengeneza mikanda na vishikio maalumu, na simu hubaki kuwa akili ya kifaa, ikituma amri kwa waya au kwa Bluetooth.

Lugha ya kushoto na kulia ina faida nyingine kubwa. Haihitaji kusoma ramani, haihitaji kujua Kiingereza, na inamfaa kiziwi sawasawa na anayesikia.

Hesabu ya sekunde

Somo la pili ni wakati. Ishara sahihi ikija kwa kuchelewa ni mbaya kuliko kukosa ishara, kwa sababu inamfanya mtu akate ghafla.

Tufanye hesabu. Baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa hupita mita 4 na kidogo kila sekunde. Ishara ikitolewa mita 40 kabla ya njia panda, unayo kama sekunde 9 au 10 za kutazama nyuma, kunyoosha mkono na kupunguza mwendo. Sasa teremka mlima kwa kilomita 30 kwa saa. Mita 40 zilezile unazimaliza kwa chini ya sekunde 5. Kama umebeba ndoo za maji au mkaa, breki nazo zinahitaji umbali zaidi. Kwa hiyo kifaa kizuri hakipimi kwa mita. Kinapima kwa sekunde: ukienda kasi, ishara inakuja mapema zaidi.

Kisha kuna upande wa barabara. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Kukata kushoto ni rahisi, kwa kuwa unabaki ukingoni. Kukata kulia ndiko kwenye hatari, kwa sababu unavuka mbele ya magari yanayotoka nyuma yako na yale yanayokuja mbele. Ujerumani na Uholanzi wanaendesha kulia, na kwao hatari iko kwenye kukata kushoto. Rwanda, Burundi na Congo nao wanaendesha kulia. Kifaa kikibuniwa kimpe mwendesha baiskeli muda zaidi kabla ya kona ya kushoto, kisha kikaletwa Shinyanga au Kisumu bila kubadilishwa, kitampa muda mrefu kwenye kona rahisi na muda mfupi kwenye kona inayoua.

Barabara yenyewe inatetemeka

Sasa tufike kwenye changarawe. Kila anayeendesha baiskeli kijijini anaijua barabara iliyokatika vijituta mfululizo kama mgongo wa bati. Ukipita hapo, usukani unaruka, meno yanagongana, na ukifika mwisho viganja vinawasha. Muulize mtu huyo kama amehisi mota ndogo ikitetemeka ndani ya kishikio. Hakuihisi. Barabara imeufunika mtetemo ule, kama kelele za soko zinavyofunika sauti ya mtoto.

Hili ndilo tatizo kubwa zaidi la kuleta vifaa hivi kwetu, na linagusa swali la kuviweka wapi.

Kwenye vishikio vya usukani, mota ni rahisi kufunga na mikono ina hisia kali. Lakini usukani ndio unaopokea mishtuko ya gurudumu la mbele moja kwa moja. Kwenye siti hali ni hiyohiyo, na zaidi ya hapo ukisimama kwenye pedeli kupanda mlima, humgusi tena anayekuongoza.

Kwenye kifundo cha mkono, kama saa au bangili mbili, mtetemo wa barabara unakuwa umepungua kidogo, kwa kuwa viwiko na mikono hufanya kazi ya springi. Kwenye kiuno unapungua zaidi, kwa sababu mwili wote umeunyonya. Hapo ndipo jaribio la helikopta na boti linapotusaidia. Lilionyesha kuwa mkanda wa kiunoni unaweza kueleweka hata chombo kikiwa kinatetemeka. Ubaya wake ni joto na jasho, na kwamba lazima mkanda ubane mwili ili mota ziguse vizuri.

Popote itakapowekwa, mota inaweza kusaidiwa kwa namna ya kutetemeka. Barabara mbovu hutetemesha bila mpangilio. Ishara inayokuja kwa mpangilio, kwa mfano mapigo matatu mafupi yenye mapengo yanayolingana, hujitokeza kwa urahisi kuliko mtetemo mmoja mrefu. Ni sawa na ngoma: katikati ya kelele, sikio hukamata mdundo. Mapigo mafupi pia hayaipi ngozi muda wa kuzoea, na hayamalizi chaji haraka.

Kimya kina maana mbili

Kuna jambo moja ambalo ni rahisi kulisahau mezani, lakini barabarani ni la uhai. Katika mifumo mingi, kimya kina maana ya endelea mbele. Hakuna kona, kwa hiyo hakuna mtetemo. Hilo ni jema, kwa sababu kifaa kisichosumbua ndicho kinachosikilizwa kinapozungumza.

Lakini kimya kinaweza pia kuwa na maana kwamba betri imekwisha, waya umekatika, vumbi limeingia, au simu imepoteza mawimbi ya setilaiti. Mwendesha baiskeli hawezi kujua tofauti. Ataendelea kunyoosha, kilomita baada ya kilomita, akiamini anaongozwa, na giza linaingia.

Dawa yake si ngumu. Kifaa kinaweza kutoa pigo moja hafifu kila baada ya muda fulani, kusema tu kwamba kiko hai. Kinaweza pia kutetemesha pande zote mbili kwa pamoja kabla chaji haijaisha, kama abiria anayekugonga mabega yote mawili. Ukikutana na kifaa kisichofanya hivyo, ujue kilibuniwa na mtu ambaye chaja yake haiko mbali.

Njia ambazo hazimo kwenye ramani

Mwisho kuna ramani. GPS haihitaji intaneti. Simu inapokea mawimbi kutoka angani hata porini, na mahali pa wazi inaweza kukadiria ulipo kwa tofauti ya takriban mita 5. Chini ya miti mikubwa au kati ya milima mikali tofauti hiyo huongezeka. Kujua ulipo, hata hivyo, hakutoshi kama njia unayopita haijachorwa.

Vijijini njia nyingi hazijachorwa. Kazi inaendelea kupitia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map Tanzania umewakusanya watu wa kujitolea kuchora vijiji, barabara na nyumba. Msukumo wake ulikuwa mzito: wanaharakati waliokuwa wakiwasaidia wasichana kukimbia ukeketaji hawakuwa na ramani ya kuwafikisha kwenye vijiji vya wasichana hao. Katika hali kama hiyo kuijua njia si anasa ya watalii.

Pale ambapo ramani haijakamilika, ule mtindo wa Tacticycle unaweza kufaa kuliko maelekezo ya kona kwa kona. Kifaa kinakuonyesha upande tu: zahanati iko kulia kwako, kidogo mbele. Njia ya mguu kati ya mashamba unaichagua mwenyewe, au unamuuliza mzee aliyekaa kivulini. Lakini mtindo huu nao una mtego. Upande wa zahanati unaweza kuwa ng'ambo ya mto usio na daraja, na mota haijui mto. Mgeni anayetii mtetemo bila kuuliza atajikuta kwenye kingo za maji. Mwenyeji anajua daraja liko wapi, na kwake mtetemo ni ukumbusho tu. Kifaa cha namna hii kinamfaa zaidi anayechanganya anachokihisi na anachoambiwa na watu wa mahali hapo.

Ufanye nini na simu uliyonayo

Vifaa vingi tulivyovitaja vilibaki katika maabara na majaribio. Lakini kanuni zake zinaweza kukusaidia leo, hata kwa simu ya bei nafuu.

Kwanza, pakua ramani ya wilaya yako ukiwa mahali penye mtandao, kabla ya safari. Programu kama OsmAnd na Organic Maps hutumia ramani za OpenStreetMap na hufanya kazi bila intaneti.

Pili, kabla ya kuondoka isome njia yote na ukumbuke kona tu. Safari ya kilomita 20 inaweza kuwa na kona nne za muhimu. Zitaje kwa alama unazozijua: mbuyu, kanisa, mashine ya kusaga, daraja.

Tatu, ukitaka kuangalia simu, simama. Toka kabisa barabarani, si pembeni ya lami ambako Fuso hupita. Sekunde 30 za kusimama hazikuchelewesshi kufika.

Nne, ukitumia sauti ya simu, iweke simu kwenye mfuko wa shati kwa sauti ya juu na uyaache masikio wazi. Usizibe masikio yote mawili kwa hedifoni.

Tano, jaribu mtetemo wa simu yako. Iweke kwenye mfuko wa suruali, kisha kwenye mfuko wa shati, kisha ifunge kiunoni, na mwenzako akupigie ukiwa kwenye barabara mbovu. Utajua mwenyewe ni wapi unauhisi na wapi barabara inakuibia ishara. Hapo ndipo pa kuweka simu hata kama unasubiri tu kupigiwa na mteja.

Na kama siku moja muuzaji atakuletea kishikio, bangili au mkanda wa kuonyesha njia, muulize maswali haya kabla ya kutoa pesa. Je, unatetemeka upande ninaotakiwa kukata, au lazima nihesabu mapigo? Je, utanipa muda wa kutosha nikikata kulia? Je, nitauhisi kwenye changarawe? Ukizimika, nitajuaje? Na ukiharibika, fundi wetu wa baiskeli anaweza kuufungua? Mwambie akuache uujaribu kwenye barabara unayopita kila siku, ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Asipokubali, usitoe pesa.